Mshumaa wa Ijumaa: Je, Desturi ya Nyumbani Yatosha Kushuhudia Ukoo?

Katika kila nyumba kuna desturi ambazo mwenye nyumba mwenyewe hajui zimetoka wapi. Mtoto akiuliza, "Mama, kwa nini tunafanya hivi?" mama ajibu tu, "Ndivyo alivyofanya nyanya yako." Basi, maneno yaishia hapo, na mtoto huyo akiisha kuwa mtu mzima awajibu watoto wake vivyo hivyo.

Katika New Mexico, upande wa kusini-magharibi wa Marekani, wako Wakatoliki wa lugha ya Kihispania ambao jibu hilo halikuwatosha. Wao wamebatizwa, wazazi wao walibatizwa, na mababu zao pia tangu zamani. Lakini walikumbuka kwamba Ijumaa jioni nyanya aliwasha mishumaa katika chumba cha ndani, mapazia yamefungwa. Walikumbuka kwamba nyama ya nguruwe haikuingia nyumbani. Kwamba vumbi lilifagiwa kuelekea katikati ya chumba, wala halikutolewa kwa kupitia mlangoni. Kwamba mtu alipokufa vioo vilifunikwa. Siku moja mmoja wao asoma kitabu, au azungumza na Myahudi, naye aambiwa, "Hizo ni desturi zetu." Kumbe! Tangu siku hiyo hapati raha moyoni. Ajiuliza: Je, mababu zangu walikuwa Wayahudi waliojificha?

Juu ya jambo hilo vimeandikwa vitabu vingi. Leo twataka kupima kimoja, nacho ni "To the End of the Earth" cha Stanley Hordes, kilichotolewa na Columbia University Press mwaka 2005. Kando yake tutaweka makala ya Judith Neulander ya mwaka 1996, aliyeyapinga mawazo hayo kwa nguvu. Tena, ili tupate kipimo, tutatazama kitabu cha zamani cha Samuel Schwarz, kilichotoka Ureno mwaka 1925. Tunayapima maandiko haya si kwa kutafuta makosa tu. Swali lililomo ndani yake latuhusu sote: desturi ya nyumbani yaweza kutuambia nini kweli juu ya mababu zetu, na ni wapi haiwezi kusema neno?

1. Mambo yalivyoanza

Msomaji asiyejua habari hizi lazima apewe kwanza historia yake, maana bila hiyo hakuna hata moja ya hoja zitakazofuata atakayoielewa.

Zamani Wayahudi wengi walikaa Hispania. Mwaka 1391 watu waliwashambulia katika miji mingi, kuanzia Sevilla. Wengi waliuawa, na wengine wengi walikubali ubatizo ili waokoe maisha yao. Tangu hapo kukawa na watu walioitwa Wakristo Wapya, nao hawakuaminiwa. Mwaka 1478 Papa Sixto wa Nne aliwapa wafalme wa Hispania ruhusa ya kuweka mahakama ya imani iitwayo Inkwizisio. Kazi yake haikuwa kuwahukumu Wayahudi wasiobatizwa, bali waliobatizwa ambao walisingiziwa, au kweli walionekana, kushika sheria ya Musa kwa siri. Tarehe 31 Machi 1492 wafalme walitoa amri kwamba Wayahudi wote wasiokubali ubatizo watoke nchini.

Wengi walikimbilia Ureno, lakini huko nako hawakukaa miaka mingi. Mwaka 1497 mfalme Manueli aliwabatiza kwa nguvu, hata watoto wao walinyang'anywa. Mwaka 1506, siku za Pasaka, umati wa watu uliwaua Wakristo Wapya wengi mno mjini Lisbon. Mwaka 1536 Inkwizisio iliwekwa Ureno pia. Wengine walivuka bahari kwenda Amerika, lakini mwaka 1571 mahakama hiyo ilifunguliwa hata Meksiko. Ndipo watu wale walipozidi kusonga mbali na miji mikubwa, na kadiri ya maelezo ya Hordes, wengine walifika mwisho wa nchi zilizojulikana, yaani New Mexico. Ndiyo maana ya jina la kitabu chake: mpaka mwisho wa dunia.

2. Injinia wa madini na mama mzee wa Belmonte

Kabla ya kufika Amerika, tupitie Ureno. Samuel Schwarz alikuwa Myahudi wa Polandi, injinia wa madini. Mwaka 1917 kazi yake ilimfikisha Belmonte, mji mdogo wa milimani. Huko mfanyabiashara mmoja alimwonya asinunue vitu kwa mwenzake, kwa sababu, alisema, huyo ni Myahudi. Schwarz alishangaa, kwani ilisemwa kwamba Wayahudi wa Ureno walikuwa wamekwisha tangu mamia ya miaka. Akawatafuta watu hao, akawaambia kwamba yeye naye ni Myahudi. Hawakumsadiki. Walidhani kwamba mtu wa kundi lao hawezi kujitaja waziwazi hivi.

Mwishowe mama mmoja mzee alimwambia: ikiwa wewe ni Myahudi, basi tusalie sala mojawapo ya Wayahudi. Schwarz akaanza sala ya "Sikia, Israeli" kwa Kiebrania. Kiebrania hawakukijua hata kidogo. Lakini alipotaja neno Adonai, yaani Bwana, akina mama walifunika macho yao kwa mikono, na yule mama mzee akawatangazia wenzake kwamba mtu huyu ni Myahudi kweli, maana alijua jina la Adonai.

Msomaji aangalie sana habari hiyo. Watu wa Belmonte hawakuwa na mshumaa wa Ijumaa tu. Walikuwa na sala walizofundishana mama kwa binti, kwa Kireno. Walikuwa na mfungo wa Malkia Estera, ambaye naye, kama wao, alificha ukoo wake katika nyumba ya mfalme. Walikuwa na Pasaka yao ya mkate usiotiwa chachu. Walioana wao kwa wao. Tena majirani walijua, nao wenyewe walijua. Desturi yao haikukaa peke yake kama mti mmoja uwandani. Ilikuwa katika msitu mzima. Kwa ajili hiyo ushuhuda wa Schwarz haukuleta shaka kubwa, na wana wa watu hao walifungua sinagogi lao wenyewe katika mji huo katika miaka ya 1990.

Hicho ndicho kipimo. Sasa twende Amerika.

3. Nguvu na udhaifu wa kitabu cha Hordes

Hordes alikuwa mwanahistoria wa serikali ya New Mexico mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu walikuja ofisini mwake, wakafunga mlango, wakamwambia kwa sauti ndogo: jirani yangu hali nguruwe, au, fulani huwasha mishumaa Ijumaa. Mwanzo hakutia maanani. Baadaye, walipozidi kuja, akaanza kuchunguza.

Nguvu ya kitabu chake ni karatasi. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuandika masomo yake ya juu kuhusu Wayahudi wa siri wa Meksiko katika miaka ya 1620 mpaka 1649, kwa hiyo alijua kusoma maandiko ya Inkwizisio. Afuata majina katika vitabu vya ubatizo, hati za ndoa, wosia na kesi. Aonyesha jinsi kundi la Gaspar Castaño de Sosa lilivyoondoka Nuevo León mwaka 1590 kwenda kaskazini, na jinsi nchi hiyo ya Nuevo León ilivyokuwa na Wakristo Wapya wengi, jamaa na marafiki wa ukoo wa Carvajal. Kijana mmoja wa ukoo huo, Luis de Carvajal, alichomwa moto mjini Meksiko mwaka 1596 kwa sababu ya kushika dini ya Kiyahudi. Katika kurasa hizo Hordes ni mwalimu wa kweli, nasi twamshukuru.

Lakini udhaifu wake nao waonekana palepale. Tuchukue mfano mmoja. Bernardo López de Mendizábal alikuwa gavana wa New Mexico kutoka 1659 mpaka 1661. Yeye na mke wake, Teresa de Aguilera, walishtakiwa mbele ya Inkwizisio. Kati ya mashtaka lilikuwamo hili: kwamba walioga na kubadili nguo siku ya Ijumaa. Je, huo si ushuhuda? Pole pole. Gavana huyo alikuwa amegombana vikali na wamisionari Wafransisko wa nchi hiyo juu ya kazi za Wahindi na juu ya mamlaka. Alikuwa na adui wengi. Alifia gerezani mwaka 1664, na baada ya kifo chake mahakama yenyewe ikamwondolea hatia. Basi, mtu akioga Ijumaa, na adui yake akasema ni Myahudi, sisi leo tumsadiki nani? Mwanahistoria anayechukua maneno ya mshitaki bila kuuliza moyo wa mshitaki, hujikuta anaendeleza kazi ya mshitaki bila kutaka.

Udhaifu wa pili ni daraja. Upande mmoja Hordes ana karatasi za miaka ya 1600. Upande wa pili ana kumbukumbu za watu wa miaka ya 1980 na baadaye. Katikati kuna zaidi ya miaka 300, na mara nyingi katika miaka hiyo hakuna neno. Hordes avuka mto huo kwa ubao wa desturi: babu wa kale alishtakiwa, mjukuu ana mshumaa, basi mshumaa umetoka kwa babu. Pengine ni hivyo. Lakini "pengine" si "ndivyo", na mara kadhaa kitabu chaanza na neno la kwanza na kuishia karibu sana na la pili.

4. Nguvu na udhaifu wa Neulander

Judith Neulander ni mtaalamu wa desturi na masimulizi ya watu. Yeye naye alikwenda New Mexico akitumaini kuwapata Wayahudi waliojificha. Alirudi na mawazo mengine, akayaandika mwaka 1996 katika jarida la Jewish Folklore and Ethnology Review.

Mfano wake ulio wazi kuliko yote ni ule wa pia. Watu walisema kwamba watoto wa huko walicheza na pia ndogo yenye pande nne, nayo ni kama ile ambayo watoto wa Kiyahudi huchezea siku za sikukuu ya Hanuka. Neulander ajibu: pia hiyo ni ya Wayahudi wa Ujerumani na Ulaya ya mashariki, nao waliipata kwa majirani zao Wajerumani. Wayahudi wa Hispania hawakuwa nayo. Basi, ikiwa mababu walitoka Hispania, pia hiyo haiwezi kuwa urithi wao. Mchezo wa namna hiyo ulichezwa na watoto wa mataifa mengi. Vivyo hivyo nyota yenye ncha sita iliyochorwa makaburini: nyota hiyo ilienea kama alama ya Wayahudi hasa katika miaka ya 1800, kabla ya hapo ilikuwa pambo la watu wote, hata la makanisa.

Tena alileta hoja nyingine: mwanzoni mwa miaka ya 1900 walifika huko wahubiri wa madhehebu ya Kiprotestanti wanaoshika Sabato ya Jumamosi na kukataa nyama ya nguruwe. Familia ikiwafuata kwa muda, kisha ikarudi katika Eklezia Katoliki, wajukuu wangeweza kukumbuka Sabato na nguruwe bila kukumbuka wahubiri. Hoja hiyo ni nzito. Hakuna haja ya kwenda mpaka Toledo ikiwa jibu laweza kuwa kwa jirani.

Hapo Neulander alishinda. Lakini hata yeye hakukaa katika mipaka ya ushindi wake. Kwanza, kuonyesha kwamba desturi ingaliweza kutoka kwa Waadventista au jamaa zao si kuonyesha kwamba katika nyumba hii ilitoka kwao. Hilo nalo lahitaji karatasi: nani alihubiri, mwaka gani, katika kijiji gani, nani alimfuata. Yale aliyomdai Hordes, yafaa naye ayatoe. Pili, alisema kwamba wengi hujitafutia ukoo wa Kiyahudi ili waonekane kuwa wametoka Hispania moja kwa moja, wasihesabiwe kuwa wamechanganyika na Wahindi. Huenda wako wenye moyo huo. Lakini mtu aweza kuwa na nia mbaya na bado akasema kweli, kama vile mtu mwenye nia njema aweza kukosea. Nia ya msemaji yatufundisha kusikiliza kwa uangalifu, haitupi hukumu.

5. Tangazo lililofundisha lililokataza

Liko jambo moja ambalo latatiza pande zote mbili. Kila mara Inkwizisio ilitangaza makanisani orodha ya dalili za Uyahudi, ili waamini wawashtaki jirani zao. Orodha hiyo ilikuwa ndefu: mtu avaaye shati safi Jumamosi, atandikaye meza kitambaa safi Ijumaa, awashaye taa yenye tambi mpya, aondoaye mafuta katika nyama, asiyekula nguruwe, aoshaye maiti kwa maji ya moto, ageukaye ukutani wakati wa kufa. Wapishi na watumishi wa kike walikwenda kushuhudia kwamba bibi wa nyumba alipika mchuzi Ijumaa ili uliwe Jumamosi. David Gitlitz na Linda Davidson walikusanya mapishi ya namna hiyo kutoka katika kesi, wakayatoa katika kitabu mwaka 1999. Ni kitabu kitamu na cha huzuni pamoja, kwani nyuma ya kila sahani kuna mtu aliyesalitiwa jikoni mwake.

Sasa fikirini. Watu wale walikuwa hawana rabi, hawana vitabu, hawana shule. Baada ya miaka 100 walikuwa wamesahau mengi. Ni nani aliyewakumbusha? Wako wataalamu wasemao kwamba tangazo lenyewe liliwakumbusha. Kijana aliyesikia kanisani kwamba Wayahudi hubadili shati Jumamosi aliweza kurudi nyumbani na kubadili shati. Ikiwa ni hivyo, mlinzi ndiye aliyefundisha njia ya kutoroka. Tena mtu aliyekuwa Mkristo wa zamani kabisa aliweza kuwa na shati moja tu safi na kulivaa Jumamosi bila maana yoyote. Kwa hiyo desturi ileile yaweza kuwa urithi wa babu, au somo la mshitaki, au bahati tu. Kwa kuitazama peke yake huwezi kuzitenganisha.

6. Je, damu yajibu?

Siku hizi wengi husema: tuache maneno, tupime damu. Ni kweli kwamba upimaji umeleta mambo makubwa. Mwaka 2008 wataalamu waliopima wanaume wa Hispania na Ureno walitoa hesabu kwamba karibu sehemu 20 katika 100 za urithi wa upande wa baba zafanana na za Wayahudi waliotoka huko. Mwaka 2018 utafiti mwingine ulionyesha dalili za urithi huo kwa watu wengi wa Amerika ya Kilatini. Katika bonde la San Luis, mpakani mwa New Mexico na Colorado, madaktari walikuta kwa Wakatoliki wa lugha ya Kihispania hitilafu moja ya chembe za urithi ambayo inajulikana hasa kwa Wayahudi, nayo huleta hatari ya kansa ya matiti. Jeff Wheelwright alieleza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2012. Kwa akina mama wa huko, kujua ukoo si mchezo wa kujivunia: kwaweza kumfikisha mtu hospitali mapema, akapona.

Basi Hordes ameshinda? Kwa sehemu, ndiyo. Wakristo Wapya walifika Amerika, na damu yao imo katika watu wengi. Lakini damu hiyo imeenea mno hata haiwezi kueleza kwa nini nyumba hii ina mshumaa na ile haina. Mtu aweza kuwa na babu Myahudi bila desturi hata moja. Mwingine aweza kuwa na desturi bila babu Myahudi. Damu yasema, "Yupo aliyepita." Haisemi, "Alikufundisha jambo fulani."

7. Kipimo kilichofika mpaka Katanga

Iko namna nyingine ya kupima ambayo vitabu hivi vingeitumia zaidi. Si Wayahudi wote wa Hispania waliobatizwa. Wengi waliotoka mwaka 1492 walikwenda katika nchi za Waturuki, pamoja na kisiwa cha Rhodes, wakaendelea na dini yao hadharani na kusema Kihispania chao cha kale. Wasomaji wetu wa Lubumbashi wanawajua, kwa maana mwanzoni mwa miaka ya 1900 wengi wa watu wa Rhodes walikuja Katanga kufanya biashara. Walijenga sinagogi Elisabethville, na tangu mwaka 1937 rabi Moïse Levy aliwaongoza kwa muda mrefu. Jamaa zao waliobaki kisiwani walichukuliwa na Wajerumani mwezi Julai 1944 na kupelekwa Auschwitz. Wachache tu walirudi.

Hao ndio ndugu wa wale waliojificha. Walitoka nyumba moja, wakaachana njiani. Basi, desturi inayodaiwa kuwa ya Wayahudi wa Hispania, tuitafute kwao na katika kesi za kale. Ikionekana mahali pote pawili, ina nguvu. Isipoonekana hata pamoja, kama ile pia, tuiache. Kipimo hiki si kikamilifu, kwa kuwa hata watu wa Rhodes waliazima mambo kwa majirani zao; lakini ni bora kuliko kumbukumbu peke yake.

8. Kwa nini jambo hili si dogo

Wengine watasema: mnajisumbua bure, kila mtu achague mababu awapendao. Sisi hatukubali, na sababu zetu ni mbili.

Sababu ya kwanza yatuhusu sisi Wakatoliki. Mtakatifu Teresa wa Avila, ambaye mwaka 1970 alitangazwa kuwa Mwalimu wa Eklezia, alikuwa mjukuu wa Juan Sánchez wa Toledo. Babu huyo, mfanyabiashara wa vitambaa, alikubali mbele ya Inkwizisio mwaka 1485 kwamba alishika desturi za Kiyahudi, akatembezwa makanisani siku za Ijumaa akiwa amevaa vazi la aibu. Ukoo ulificha habari hiyo, hata ikajulikana sawasawa katika miaka ya 1940 tu, karatasi za kesi zilipopatikana. Tazameni: ukoo wa mtakatifu mkubwa ulijulikana kwa karatasi, si kwa sahani zake. Na kilichofichwa hakikuwa aibu yake yeye. Aibu ilikuwa ya wale waliomfanya mtu aogope jina la babu yake. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, tarehe 28 Oktoba 1965, ulilaani chuki zote juu ya Wayahudi. Na tarehe 12 Machi 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha hadharani kwa dhambi za wana wa Eklezia, pamoja na zile walizowatendea Wayahudi. Mtu anayekuta leo kwamba mababu zake walilazimishwa kubatizwa hastahili kuchekwa wala kushukiwa nasi. Astahili kusikilizwa, tena kuambiwa kweli, hata kama kweli hiyo ni, "Dalili yako haitoshi."

Sababu ya pili yatuhusu sisi watu wa Maziwa Makuu. Sisi tumeonja uchungu wa kusoma ukoo katika desturi. Mwaka 1863 msafiri Mwingereza Speke aliandika kwamba wafugaji watawala wa nchi hizi walitoka Ethiopia. Waandishi wengine walimfuata, hata wamisionari miongoni mwao, wakilinganisha ng'ombe, pua na sherehe za watu na mambo ya Misri na ya Israeli. Hakuna aliyekuwa na karatasi wala ushuhuda wa kutosha. Lakini maneno yaliingia shuleni, na kutoka shuleni yakaingia mioyoni. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Rwanda, Léon Mugesera alihutubia watu akisema kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto. Mwaka 1994 dunia yote iliona mito hiyo. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kudhania ukoo kwa kutazama desturi ni mchezo.

9. Hukumu yetu

Vitabu hivi vitatu visomwe vyote, lakini kila kimoja kwa kazi yake. Schwarz asomwe kwanza, maana aonyesha jinsi urithi wa kweli ulivyo: sala, ndoa, siri ya pamoja, na watu wanaojijua. Hordes asomwe kwa ajili ya karatasi zake, na msomaji asimame kidogo kila akutapo "huenda". Neulander asomwe kama mtu anywavyo dawa kali: yaponya, lakini haifai kuwa chakula cha kila siku.

Wahenga husema: dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini si kila wingu hunyesha. Mwenye kukuta desturi ya ajabu nyumbani mwake aanze na majirani wa karibu kabla ya kwenda kwa mababu wa mbali. Aulize kama desturi hiyo yaonekana katika maandiko ya kale, na kwa ndugu walioachana zamani. Atafute majina katika vitabu vya ubatizo, ambavyo misioni nyingi zimevitunza vizuri. Na zaidi ya yote, aangalie namna ya kuuliza. Ukimwambia nyanya, "Mishumaa hii ni ya Kiyahudi, sivyo?" atakubali kwa kukupenda, na tangu siku hiyo hutajua tena lililo lake na lililo lako. Mwulize tu, "Nyanya, ni nani aliyekufundisha?" kisha unyamaze. Akijibu, "Mama yangu," andika jina la mama yake na mahali alipozaliwa. Akijibu, "Sijui," andika hivyo hivyo, wala usijaze nafasi hiyo kwa mawazo yako.